Ndoa Changa Isiyo na Mtoto: Anayedai Amechangia Nini?

Katika kumbi za harusi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mtoto huanza kudaiwa kabla keki haijakatwa. Mshereheshaji anawaombea maharusi mapacha. Shangazi akipewa kipaza sauti anawataka wageni waanze kuweka nauli, kwa kuwa baada ya miezi tisa wataitwa tena, kwa ubatizo au kwa akika. Ukumbi unalipuka vigelegele, na maharusi wanacheka na wenzao maana usiku ule ni utani. Mwaka ukigeuka na tumbo halijaonekana, utani unakuwa swali: "Vipi, bado tu?" Mwaka wa pili swali linakuwa ushauri usioombwa, jina la mganga au namba ya simu ya nabii. Mwaka wa tatu, mama mkwe aliyekuwa akimwita mke wa mwanawe "mwanangu" anasikika jikoni akisema kwamba yule kazi yake ni kujaza choo.

Wanaopita njia hii wengi ni vijana, na bado wanajifunza kuishi pamoja. Wamepanga nyumba kwa kodi inayolipwa kwa mkupuo, wana mikopo ya masomo, wana wadogo zao wa kusomesha. Katika umri huo wanawekewa alama ya kufaulu au kufeli ndoa, na alama yenyewe ni moja: mtoto. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba jamii inayodai mtoto kwa sauti kubwa namna hii imechangia kidogo sana katika kumtafuta, kumzaa na kumlea. Imetoa swali, haikutoa msaada.

Nyumba tatu zinazofanana kwa nje

Kwa anayepita barabarani, kila nyumba isiyo na mtoto ni sawa na nyingine. Ndani yake kuna hali tatu tofauti kabisa.

Wapo wanaotafuta na hawajapata. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale wanandoa wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isitungwe. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, takriban mtu mmoja kati ya sita, hupitia tatizo hilo wakati fulani maishani. Nchi tajiri zilikuwa na asilimia 17.8, na nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia 16.5. Kwa hiyo wale wanaosema kuwa ugumba ni ugonjwa wa Wazungu au wa wasomi wa mjini hawana pa kusimama. Na wale wanaowabana maharusi wa miezi sita wanadai kitu ambacho hata daktari hajaanza kukiulizia.

Ndani ya kundi hilo kuna watu ambao hawatajwi kabisa: walioshika mimba ikaharibika, au waliozika kichanga. Hawa wakiulizwa "mnaanza lini?" wanakuwa wameshaanza zamani, na wameshalia. Mwenye kuuliza hana namna ya kujua, na hiyo peke yake ingetosha kumfunga mdomo.

Wapo wanaosubiri. Wamekaa, wakazungumza, wakakubaliana wamalize deni au masomo kwanza, na mke anatumia vidonge vya majira, kijiti au kitanzi. Nyumba hii haina msiba wowote, ila inaishi kwa kujificha, kwa kuwa ni rahisi kumwambia mama mkwe "tunamwomba Mungu" kuliko kumwambia "tumeamua".

Na wapo, wachache, walioamua kutozaa kabisa. Kwetu ni nadra kusikia mtu akilitamka hilo mbele ya wazazi. Wengi hujificha chini ya kivuli cha wale wanaosubiri, miaka ikapita, hadi watu wakachoka kuuliza.

Kosa la kwanza la jamii ni kuzipiga nyumba zote tatu kwa fimbo moja. Anayeumwa anachekwa, anayepanga anahurumiwa, aliyeamua anaombewa. Hakuna hata mmoja anayepata anachohitaji.

Dai hili lilizaliwa wapi

Itakuwa uonevu kusema kwamba wazee wanaodai wajukuu ni wakorofi tu. Dai lao lina historia. Katika maisha ya kilimo na ufugaji mtoto alikuwa mkono wa kazi, mrithi wa shamba, na zaidi ya yote ndiye aliyekuwa akiba ya uzeeni. Wengi hawajawahi kuwa na pensheni. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi mwaka 2016, na Kenya ikaanza kuwalipa wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi mwaka 2018. Hatua hizo ni za juzi tu, na kiasi chenyewe hakimwezeshi mtu kuishi. Mzee anayeuliza habari za mjukuu huenda anauliza pia, kwa lugha ya mafumbo, nani atamletea maji akilala kitandani.

Mtoto vilevile humpa mwanamke nafasi. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mke huacha kuitwa kwa jina lake na kuitwa mama wa fulani. Msibani, kwenye kikoba, msikitini, sokoni, jina hilo ndilo linalompa kiti. Aliyeolewa miaka mitano bila kulipata anabaki kuitwa "mke wa fulani", na katika kikao cha wanawake wenzake anapewa kazi za wasichana.

Hata hivyo mababu hawakuishia kuuliza. Walikuwa na utaratibu. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara upo ule wa nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wakamba wana iweto, inayofanana na hiyo. Katika pwani yetu ni jambo la kawaida mtoto kukabidhiwa kwa shangazi, kwa mama mdogo au kwa bibi akalelewa huko hadi anaolewa, na mlezi akawa mama kwa kila maana. Mipango hii ilikuwa na dhuluma zake, hasa kwa wasichana walioozwa bila kuulizwa. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo tumelipoteza: ukoo uliokuwa unataka mtoto ulitoa ng'ombe, ukatoa mlezi, ukatoa mtoto wa kulelewa. Ukoo wa leo unatuma ujumbe wa simu kuuliza.

Lawama ina njia yake

Mimba isipotungwa, macho yote huelekea tumbo la mke. Sayansi haielekei huko. Wataalamu wa uzazi wanakadiria kwamba katika karibu nusu ya visa, tatizo la mwanamume linahusika, ama peke yake ama pamoja na la mwanamke. Mbegu zinaweza kuwa chache au dhaifu. Mishipa ya korodani inaweza kuwa imevimba. Matubwitubwi aliyougua kijana baada ya kubalehe yanaweza kuwa yameharibu korodani, naye akayasahau kabisa. Nguvu za tendo la ndoa hazithibitishi chochote kuhusu uzazi, na mwanamume mwenye afya tele anaweza kuwa hana mbegu hata moja.

Nenda kwenye kliniki yoyote ya magonjwa ya wanawake siku ya wagonjwa wa nje utaliona jambo hili kwa macho. Mwanamke amekaa kwenye benchi, begani mkoba, mkononi bahasha kubwa iliyochakaa pembeni. Ndani kuna picha za altrasaundi za miaka tofauti, majibu ya homoni, picha ya eksirei ya mirija ya uzazi aliyopigwa kwa maumivu. Daktari anapitia karatasi moja baada ya nyingine, kisha anauliza kipimo cha mume. Hakuna. Mume hajaja, amesema yeye hana tatizo. Kipimo cha mbegu ni cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo kwenye bahasha ile, hakina sindano, na majibu yake hupatikana upesi. Kingepaswa kuwa cha kwanza, lakini katika nyumba nyingi ndicho cha mwisho, au hakifanyiki kabisa.

Kwa upande wa wanawake, sababu kubwa katika bara letu ni kuziba kwa mirija. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanandoa zaidi ya 5,800 katika nchi 25, na Afrika ikaonekana kuwa na madhara mengi zaidi ya maambukizi kwenye mirija kuliko maeneo mengine. Nyuma ya maambukizi hayo kuna kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, uchafu ulioingia wakati wa kujifungua, na mimba zilizotolewa kwa njia za hatari. Magonjwa ya zinaa mke huweza kuyapata kwa mumewe ndani ya ndoa halali, asijue hadi siku anapoambiwa mirija imeziba.

Historia imekwisha kutupa somo hili mara moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, eneo pana la Afrika ya Kati, kutoka Gabon na Kamerun hadi kaskazini mwa Kongo ya Wabelgiji, lilikuwa na wanawake wengi isivyo kawaida waliomaliza umri wa kuzaa bila mtoto, hadi wataalamu wakaliita ukanda wa ugumba. Huku kwetu Buhaya na Buganda nako uzazi ulikuwa chini kuliko wa majirani. Watawala na wamisionari walinyoosha kidole kwenye tabia za wanawake. Baadaye ikabainika kwamba kisonono kilichangia sana, na penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uzazi ulianza kupanda. Kilichosaidia kilikuwa dawa. Mahubiri kuhusu maadili ya wanawake hayakumpa mtu mtoto.

Lawama isiyo na msingi hujeruhi hata mwili. Julai 2016, katika Kaunti ya Machakos nchini Kenya, mwanamke kijana alishambuliwa kwa panga na kupoteza mikono yake yote miwili, na mumewe akakamatwa na kushtakiwa. Walikuwa wameishi miaka kadhaa bila mtoto. Vyombo vya habari viliripoti kwamba vipimo vya hospitali vilishaonyesha tatizo liko kwa mume. Kisa hiki kilishtua kwa ukatili wake, lakini fikra iliyokiongoza ndiyo ileile inayozungumzwa kwa upole katika barza na saluni zetu kila siku.

Filamu, redio na simu

Vyombo vya habari na burudani vimeikuta fikra hiyo na kuipaka rangi. Atazamaye filamu za Nigeria zilizotafsiriwa, au za kwetu, anaujua mpangilio kwa moyo. Mke ni mpole na hana mtoto. Mama mkwe anahamia nyumbani, anamtukana, anamleta msichana wa kijijini. Msichana anapata mimba haraka, ambayo mara nyingi si ya mume. Mke analia, anakwenda kuombewa, na dakika kumi kabla ya mwisho anatapika asubuhi. Ushindi wake ni mimba. Kuna namna nyingine ya hadithi: mke hazai kwa sababu aliwahi kutoa mimba akiwa chuoni, au alikula njama na mganga, kwa hiyo utasa wake ni hukumu.

Ubaya wa hadithi hizi hauko katika machozi. Uko katika mambo matatu zinayofundisha bila kusema: kwamba kosa ni la mwanamke, kwamba dawa ni muujiza, na kwamba asiyepata muujiza hadithi yake haina mwisho mwema. Ni nadra kuona mume akitoka maabara na karatasi mkononi. Ni nadra zaidi kuona wanandoa wasiopata mtoto wakizeeka pamoja kwa furaha. Jambo hilo lipo mitaani kwetu, na kila mmoja wetu anaweza kutaja nyumba kama hiyo, lakini kwenye kioo halipo.

Sura nyingine ni ya mke wa mjini mwenye kazi nzuri na gari, anayekataa kuzaa asiharibu umbo. Huyu ndiye anayetumiwa na wanasiasa na viongozi. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kuwa wanaopanga uzazi ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ya kuhudumia watoto, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa hewani. Januari 2022 Papa Fransisko alisema kuwa wanandoa wanaofuga mbwa na paka badala ya kuzaa wana ubinafsi. Novemba 2024 Urusi ilitunga sheria inayopiga marufuku kile inachokiita propaganda ya kutozaa. Hali za nchi hizo zinatofautiana mno, lakini kauli ni moja: asiye na mtoto amekataa wajibu.

Simu ya mkononi nayo imeongeza uzito. Picha za tumbo, za sherehe ya kumkaribisha mtoto, za miguu midogo kwenye soksi, zinapita mbele ya macho ya anayetafuta kila asubuhi. Msanii au mtangazaji akifunga ndoa, kurasa za udaku hukuza picha za mkewe kutafuta dalili. Katikati ya picha hizo yanapenya matangazo ya dawa za kusafisha kizazi na kuzibua mirija, yaleyale yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme na namba ya simu chini. Mwenye kuyatangaza anajua kwamba mteja wake ana aibu ya kwenda hospitali na haraka ya kujibu wakwe. Anauza kwa kutegemea vyote viwili.

Mwandishi wa Afrika aliyeligusa jambo hili kwa undani miaka mingi iliyopita ni Ama Ata Aidoo wa Ghana, katika tamthilia yake ya *The Dilemma of a Ghost* iliyochapishwa mwaka 1965. Ato amesoma Marekani na kurudi na mke Mmarekani mweusi, Eulalie. Wawili wamekubaliana kuchelewesha mtoto. Ukoo unaona mwaka unapita, unahitimisha kwamba mke ni tasa, na siku moja wazee wanakuja na dawa ya kumwosha tumbo. Ato anajua ukweli wote. Ananyamaza. Anauacha ukoo umdhanie mkewe mgonjwa, na anamwacha mkewe auone ukoo kuwa washamba. Mwishoni mama yake anapoujua ukweli, lawama inamrudia mwanawe, na Eulalie anapokewa.

Aidoo aliona kitu ambacho filamu zetu nyingi zinakipita. Mama mkwe mwenye maneno makali si chanzo pekee cha mateso ya mke; kimya cha mume ni chanzo kikubwa zaidi. Mwanamume anayejua kwamba wamekubaliana kusubiri, au kwamba kipimo chake ndicho kilichorudi na kasoro, kisha akakaa mezani na mama yake akisikia mkewe anaitwa mgumba asiseme neno, ameshiriki. Tendo la kuuvunja uonevu huu halihitaji fedha wala elimu. Linahitaji mtoto wa kiume amwambie mama yake: "Mama, hili ni letu wawili, na tusimwonee mke wangu."

Dini na sheria hazikusema hivyo

Wanaowabana vijana hupenda kuegemea dini. Wangezisoma kwa utulivu wangekuta kitu kingine. Qur'ani katika Sura ya Ash-Shura inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humjaalia kuwa tasa. Yote matatu ni mapenzi yake, na hakuna hata moja linaloitwa aibu. Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa. Aliitwa Ummu Abdillahi kwa jina la mtoto wa dada yake, na Waislamu wamepokea kwake hadithi zaidi ya 2,000. Hakuna anayethubutu kusema maisha yake yalikuwa pungufu.

Katika Biblia, Hana mke wa Elkana alisimangwa na mke mwenza mpaka akashindwa kula. Watu hukumbuka sala yake na mtoto Samweli. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya Samweli, Elkana alimpa Hana sehemu yake kwa upendo na kumuuliza kama yeye mumewe hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Kanisa Katoliki, linalosifu sana uzazi, limeandika wazi katika kanuni ya 1084 ya sheria zake za mwaka 1983 kwamba utasa hauzuii wala haubatilishi ndoa.

Sheria za nchi ziko upande huohuo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa muda wa uhai wao. Mtoto hatajwi. Katika mirathi ya Kiislamu mume akifariki bila kuacha mtoto, mjane hupata robo. Akiacha mtoto, mjane hupata thumni. Yaani mjane asiye na mtoto amewekewa fungu kubwa zaidi. Linganisha na yanayotokea baada ya arobaini katika familia nyingi, pale mawifi wanapokuja kuhesabu vyombo na kumwambia mjane kwamba hana alichokiacha ndani ya nyumba hiyo. Hiyo ni tamaa iliyovikwa kanzu ya desturi.

Wanaosubiri wana hesabu zao

Mwaka 1978 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto takriban 8 katika maisha yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huohuo ilikuwa na 4.8. Kwa hiyo vijana wanaochelewesha mtoto hawajaanguka kutoka mbinguni na utamaduni wa kigeni. Wanaendeleza safari ambayo wazazi wao waliianza walipoamua kuzaa wanne badala ya wanane kama bibi zao.

Hesabu yao yenyewe ni ya kawaida. Mwenye nyumba mjini anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo Tanzania anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mume anapewa siku 3. Nchini Kenya ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Baada ya hapo mtoto wa miezi mitatu anaachwa na msichana wa kazi ambaye naye ni mtoto wa mtu, au mama anaacha kazi. Wengi wa vijana wenye ajira za mkataba mfupi hata hizo siku 84 wanazisikia tu.

Kijana anayeona haya yote na kusema "tungoje kidogo" ameshaanza kuwa mzazi kabla hajazaa. Anamfikiria mtoto. Kumwita mbinafsi ni kugeuza maneno.

Gharama ya kutafuta

Kwa wale wanaotafuta, tiba ipo na inakua. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutokana na upandikizaji mimba, alizaliwa Uingereza mwezi Julai 1978, na Robert Edwards aliyeibuni njia hiyo pamoja na wenzake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006 jijini Nairobi. Lakini mzunguko mmoja wa tiba hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi za Kenya, au mamilioni ya shilingi za Tanzania, haukuhakikishii mtoto, na bima nyingi za afya haziulipii. Wanandoa huuza kiwanja, hukopa, kisha huficha risiti.

Sheria nazo zinasuasua. Nchini Kenya, Mbunge Millie Odhiambo, ambaye ameeleza hadharani kwamba hana mtoto, amepigania kwa miaka mingi mswada wa kusimamia tiba hizi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imetambua kafala, malezi ya Kiislamu ambayo hayabadilishi nasaba ya mtoto, na hiyo imewafungulia mlango wanandoa Waislamu waliokuwa wakiogopa kuasili. Huo ni mfano wa jamii inayochangia: haikuuliza swali, imeondoa kizuizi.

Tufanye nini

Serikali zetu ziweke uchunguzi wa uzazi wa wanandoa wote wawili katika hospitali za mikoa na kaunti, na bima ziulipie. Huduma za mama na mtoto zinazohesabu waliozaa zihesabu pia wanaotaka kuzaa wakashindwa. Kisonono na klamidia kwa vijana zitibiwe mapema, maana huko ndiko mirija inakookolewa.

Waandishi wa filamu na michezo ya redio wampeleke mume maabara angalau mara moja. Wamwandike mama mkwe anayemtetea mke wa mwanawe, kwa sababu yupo na sisi tumemwona. Wawaache wanandoa wasio na mtoto wazeeke vizuri katika hadithi zao.

Viongozi wa dini wanaofunga ndoa waseme siku ileile, mbele ya wazazi, kwamba ndoa imekamilika. Makungwi na masomo wanaomfunda mwali jinsi ya kumtunza mume wawafunde na waume jinsi ya kumlinda mke mbele ya ndugu.

Wanandoa wenyewe wakubaliane mapema juu ya jibu lao na walitoe kwa pamoja. Kila mmoja awajibu wazazi wake. Wakiwa wanatafuta, waende kupima wote wawili baada ya mwaka mmoja, au miezi sita ikiwa mke amevuka miaka 35, wasiuze muda wao kwa wauza dawa za nguzo za umeme.

Na wewe msomaji, wifi, shemeji, jirani, mfanyakazi mwenza, una kazi nyepesi kuliko wote. Kama hujachangia ada ya kliniki, hujajitolea kumlea mtoto mama akirudi kazini, wala hujamshauri kaka yako aende kupima, basi swali la "lini?" si lako kuuliza. Waulize habari za afya zao, za kazi, za safari yao ya mwisho. Wakitaka kukwambia lililo moyoni watakwambia. Ndoa yao ilitimia siku walipokubali kuwa mume na mke, na haidaiwi na mtu.